Jinsi ya kutafsiri komedi ya askari walio livu

Nawaandikia vijana wanaoshika maiki kutafsiri filamu papo hapo kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video, vya Mbagala, Tandika, Manzese na Gongo la Mboto, hasa wale wanaonisimamisha njiani kuniuliza nafanyaje mpaka watu wazima wanatoa kiingilio kutazama sinema ya mwaka 1942 isiyo na rangi wala ngumi za Kichina. Nitaeleza yote ninayofanya. Sina siri ya kuficha, na napenda kazi hii isife nikiwa bado hai.

Nina miaka ishirini na miwili kwenye maiki. Kama wenzangu wengi nilianza na za Kichina na za Kihindi, nikimsikiliza Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, kwenye kanda na kuiga pumzi zake. Siku hizi Jumatano jioni, kama hakuna mpira, natafsiri za kale. Ninazozipenda kuliko zote ni komedi za mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili ambamo askari wamepewa livu: wanatoka kambini, wanaingia uraiani na buti zao, na kila wanachogusa kinakwenda kombo.

Mfano wangu utakuwa Somewhere on Leave, ya Uingereza, mwaka 1942. Aliyeiongoza ni John E. Blakeley wa kampuni ya Mancunian, watu wa Manchester, kaskazini, mbali na mambo makubwa ya London. Wachekeshaji ni Frank Randle, Harry Korris, Robbie Vincent na Dan Young, wote wazoefu wa jukwaani. Mfululizo wao ulianza mwaka 1940 na hii ni ya tatu. Kisa chenyewe ni chepesi: askari mmoja wa kawaida kumbe kwao ni watu wenye jumba, naye anawaalika wenzake waje kula livu huko. Yaliyobaki ni vichekesho vya jukwaani vilivyoshonwa pamoja, na nyimbo katikati. Ukitegemea kisa kikubebe, kitakuangusha. Utabebwa na watu.

Tazama mara nne kabla ya kufungua mdomo

Mara ya kwanza tazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Usiandike chochote, cheka ukicheka, choka ukichoka.

Mara ya pili zima sauti kabisa. Vijana wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayowaangusha. Randle alikuwa kibogoyo, na uso wake ulikuwa riziki yake: midomo inaingia ndani, kidevu kinapanda kukutana na pua, macho yanabaki yakimtazama mtu kama hajui kosa lake. Ukitazama bila sauti utagundua sehemu ambazo mdomo wake umemaliza kazi yote. Sehemu hizo ziwekee alama kwenye daftari, maana hapo wewe utanyamaza. Kutafsiri uso ni kumwambia mtu ladha ya chungwa analolimenya.

Mara ya tatu ndipo unashika kalamu. Mimi natumia kaunta buku, nagawa ukurasa nguzo tatu. Ya kwanza ni dakika. Ya pili ni nani anamwambia nani. Ya tatu ni nani ameaibika. Kumbuka kwamba sijasema nguzo ya "amesema nini". Waingereza wa kaskazini wana lafudhi nzito na vichekesho vingi vya kuchezea maneno, na mchezo wa maneno hauvuki bahari. Lakini aibu inavuka. Ukishajua kwamba hapa sajenti ameaibika mbele ya wenyeji, Kiswahili kitakupa maneno yake. Kuna utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, kuna vijembe vya taarabu, kuna lugha ya makonda. Chagua unaomfaa yule anayesema, kisha usimbadilishie katikati ya filamu.

Mara ya nne unatafsiri peke yako, mlango umefungwa, ukijirekodi kwenye simu. Jisikilize kesho yake asubuhi, siyo usiku huohuo.

"Sir" ni maneno matatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu komedi nzima ya livu inapita kwenye tundu hili.

Kambini kila mtu anajua nafasi yake. Tepe tatu begani ni sajenti, asiye na tepe anatii. Waliopokea livu wanafika kwenye jumba, na ghafla asiye na tepe ndiye mwana wa nyumba, sajenti ni mgeni anayesubiri kuoneshwa pa kulala. Hicho ndicho kichekesho. Kiingereza kinakionesha kwa shida kidogo, kwa sababu mtumishi wa jumba akisema "sir" na askari akimwambia afisa "sir" ni neno lilelile. Tena sajenti wa Kiingereza haitwi "sir", anaitwa kwa cheo chake. "Sir" wameachiwa maafisa.

Kiswahili chetu kina ngazi nyingi zaidi, zitumie. Kambini afande anatosha kwa wote, kuanzia koplo mpaka kapteni, na mtu wa Mbagala anaelewa bila maelezo. Mlangoni mwa jumba, mtumishi akimpokea yule kijana, mimi nasema "karibu nyumbani, bwana mdogo". Kisha namgeukia sajenti kwa sauti ya mtumishi huyohuyo: "Na wewe, baba, mizigo yako pitisha nyuma." Sijabadilisha kisa, nimeweka kila mtu kwenye ngazi yake. Sajenti akisalimiana na wenyeji nampa "shikamoo" yenye heshima zote, ya mtu aliyevua kofia. Ukumbi unacheka kwa sababu dakika tano zilizopita sauti ileile ilikuwa ikiwapigisha watu kwata.

Halafu ngoja. Yule kijana bado ana mazoea ya kambi. Yuko sebuleni kwao, kwenye kiti cha baba yake, na bado mdomo unamponyoka: "Ndiyo, afande." Mara ya kwanza niliposema hivyo mzee mmoja alipiga paja lake kwa kiganja, akarudia kwa sauti: "Kwao! Anamwita afande kwao!" Nilijua nimefika.

Kosa moja naliona kila mahali: kuwapachika wahusika majina ya wachekeshaji wetu. Ukimwita Randle "Majuto" utapata kicheko kimoja kikubwa, halafu kwa saa nzima watu watamtafuta marehemu Majuto kwenye uso wa Mzungu na hawatamwona. Waache na majina yao. Enoch, yule anayechezwa na Robbie Vincent, mimi namwita Enoki tu, na akinamama wameshamzoea, wanamuulizia: "Enoki yupo leo?"

Nusu dakika kabla haijaanza

Watu hawawezi kucheka wasipojua kinachokosekana. Waingereza wale walikuwa kwenye vita tangu Septemba 1939. Usiku taa haziruhusiwi kuonekana nje, madirisha yote yamezibwa kwa pazia jeusi, ndege za adui zisione mji. Januari 1940 ukaanza mgao wa chakula, kwanza nyama ya nguruwe ya kukausha, siagi na sukari. Juni 1941 hata nguo zikaingia kwenye mgao. Kwa hiyo mezani pakitokea chakula cha kujaza sahani, wale askari wanaona miujiza.

Mimi sisomi habari zote hizo. Nachagua sukari. Nasema: "Wazee wangu, mnaikumbuka foleni ya sukari na sabuni miaka ile ya themanini? Basi hawa ndio wamo humo." Wenye mvi wanaguna, vijana wanawageukia kuwauliza, na mimi nimeokoa dakika tatu za maelezo.

Neno la pili ni la vita vyenyewe. Mjini tuna Sanamu ya Askari pale katikati, na watu wengi wanaichukua kuwa ni ya vita hivi. Ile iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vya kwanza. Filamu yetu ni ya vita vya pili, na mwaka huohuo wa 1942 ilipotengenezwa, askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki walikuwa Madagascar. Sema hilo kwa sentensi moja, na ukumbi utatulia. Babu za watu waliokaa kwenye mabenchi yale walivaa sare ya jeshi hilihili la Mfalme.

Halafu acha. Ukizidisha nusu dakika utasikia "weka picha!" kutoka nyuma, na watakuwa na haki.

Hesabu siku

Mara ya pili kuitafsiri filamu hii nilijiona nimefika. Watu walicheka mwanzo mwisho. Wakati wa kutoka, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, ambaye hukaa benchi la karibu na mlango kwa sababu ya goti, alinisubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetafsiri vizuri. Ila hujatuambia livu ni ya siku ngapi."

Nikamjibu kwamba ni komedi, mzee, watu wamekuja kucheka.

"Ndiyo maana nakuuliza," akasema. "Mtu aliye livu hachekeshwi na kitu kidogo namna ile bure. Anacheka kwa sababu ana tarehe."

Nilirudi nyumbani nikakosa usingizi, kwa sababu nilikuwa najua anachosema tangu nina miaka tisa. Baba yangu alikuwa koplo, akaenda vita vya Kagera. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na wiki kadhaa baadaye akaja Temeke kwa ruhusa ya siku kumi. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa mara nne, ina muhuri wa wino wa zambarau uliovujia upande wa pili, anaiweka mfuko wa kushoto wa shati. Mama alipotaka kulifua shati aliitoa kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya redio, akaifunika kitambaa. Hakuna aliyeigusa. Lakini baba kila asubuhi akipita kwenda kunawa, mkono wake uligusa kile kitambaa.

Siku za kwanza alikuwa mkimya, analala tu. Siku ya sita akaanza kucheka. Siku ya nane alicheka kuku alipoingia ndani, alicheka jirani alipoanguka na ndoo, alicheka hata mwanga wa taa ulipopepesuka. Mama akawa anacheka naye huku anakunja nguo za safari. Kadiri siku zilivyopungua ndivyo kicheko kilivyopanda.

Tangu usiku ule natafsiri hivi. Kwenye kurasa za kaunta buku, pembeni kabisa, nimeongeza nguzo ya nne: zimebaki siku ngapi. Kama filamu inataja idadi, ishike. Kama haitaji, usibuni. Sema tu "asubuhi nyingine imekucha, na kambi inawasubiri". Kisha sauti yako iwe inapanda kidogo kila siku ya filamu. Mwanzoni ongea polepole, kama mtu anayenyoosha miguu baada ya safari. Katikati changamka. Karibu na mwisho ongea haraka, sentensi fupi, cheka nao. Hutahitaji kumwambia mtu yeyote kwamba kuna vita. Watahisi.

Njia ninayoitumia kuhesabu bila kuchosha ni ile methali ya mgeni. Kukicha kwa mara ya kwanza kwenye jumba nasema, "Mgeni siku mbili..." na kunyamaza. Ukumbi unamalizia wenyewe, "ya tatu mpe jembe!" Baadaye, kila kunapokucha, nasema "mgeni" tu, na wao wanapiga kelele "jembe!" Watoto wanaipenda sana. Lakini wazee wameshaelewa kwamba jembe la hawa ni bunduki, na asubuhi ya mwisho, nikisema "mgeni", ninasikia sauti chache kuliko mwanzo. Siongezi neno hapo.

Vifaa na mlango

Sauti ya filamu ishushe mpaka theluthi, usiizime. Watu wanataka kusikia kwamba Mzungu anasema. Maiki iwe karibu na kona ya mdomo, isikupige pumzi. Kama spika ni moja, iweke mbele, siyo nyuma yako, isianze kupiga filimbi. Jenereta liwe na mafuta, na filamu iwe kwenye flashi mbili.

Ubaoni andika wazi kwa chaki: FILAMU YA KALE, HAINA RANGI. Mimi sikuandika mara ya kwanza. Vijana sita walikuja mbele wakidai televisheni imekufa na wanataka hela zao, na wakati nawarudishia mia tano mia tano, ukumbi mzima ulipoa. Wale sita sikuwapata tena kwa miezi miwili.

Kuhusu haki: pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kuhusu filamu unayotaka kabla ya kutoza kiingilio, na Bodi ya Filamu kuhusu kuonesha hadharani. Uzee wa filamu siyo ruhusa.

Za Kimarekani zinafuata njia hiyohiyo, ila kumbuka wao waliingia vitani Desemba 1941, kwa hiyo nyingi za livu ni za baadaye kidogo, mabaharia ni wengi, na nyimbo ni ndefu zaidi.

Nyimbo, na kunyamaza

Vijana watapiga kelele "peleka mbele!" wimbo ukianza. Usikubali kuziruka zote. Watu wa 1942 walikwenda sinema ile ili wapumzike, na wimbo ulikuwa sehemu ya livu yao wenyewe, waliokaa kwenye viti wakiwa na mtoto au mume aliye mbali. Acha wimbo mmoja mzima. Kabla haujaanza sema sentensi moja ya kinachoimbwa, siyo kila mstari: "Anamwambia, nitakumbuka ulivyosimama mlangoni." Chagua sentensi inayotoka kwenye wimbo wenyewe. Kisha weka maiki chini, mezani, watu waone umeiweka. Ukiiona mikono ya akinamama imetulia juu ya mapaja, hujapoteza ukumbi.

Wimbo wa pili unaweza kuufupisha. Wa tatu, kama upo, tumia muda huo kunywa maji.

Picha ikiisha usikimbilie kutangaza mechi ya kesho. Vijana wengi wanaharibu hapo. Acha maandishi ya mwisho yapite, washa taa, sema tarehe: "Hii ilikuwa mwaka 1942. Vita vile viliisha 1945." Tarehe mbili, basi. Watu watajihesabia wenyewe ni miaka mingapi wale waliokuwa wanacheka walibakiwa nayo.

Wakishatoka, kabla hujapanga mabenchi, fungua kaunta buku. Kwa kalamu nyekundu weka nyota walipocheka bila wewe kusema kitu, na duara ulipoongea nao wakakaa kimya. Jumatano iliyopita nilipata duara nne na nyota moja. Nyota ilikuwa kwenye uso wa Randle, akiwa amekaa tu, mkono umeshika kofia. Nilikuwa nimeandika sentensi nzuri sana ya pale, nimeihangaikia siku mbili. Nikakohoa, ikanipita, na ukumbi ukacheka mpaka mzee wa karibu na mlango akafuta macho. Nimeikata ile sentensi kwa mstari mmoja, na pembeni nimeandika: kaa kimya.